Proksi au CDN: ukurasa huu ni wa nani?

Ndugu zangu, karibuni. Vijana wanaojenga tovuti huniuliza sana: niweke proksi (programu inayopokea maombi kwa niaba ya seva) mbele ya seva yangu, au nilipie CDN (mtandao wa seva zilizotawanyika, zinazotunza nakala za kurasa karibu na wasomaji)? Nami huwauliza kwanza: ukurasa unaoutuma ni uleule kwa kila mtu, au ni wa mtu mmoja?

Chukueni matokeo ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani la Tanzania huyaweka kwa kurasa za shule, na aliyeko Kigoma huona kilekile anachokiona aliyeko Tanga. Yakitoka, nchi nzima inafungua kwa mpigo. Ukurasa wa namna hiyo hauna sababu ya kuisumbua hifadhidata kila unapoombwa. Wekeni Nginx, seva inayofanya pia kazi ya proksi, aliyoitoa Igor Sysoev mwaka 2004, mbele ya programu yenu, itunze nakala na kuigawa yenyewe. Hata nakala ya sekunde moja inasaidia sana: washeni na mipangilio yake ya `proxy_cache_lock` na `proxy_cache_use_stale updating`, na maombi elfu ya ukurasa mmoja yakija pamoja, moja tu ndilo litakaloifikia programu. Seva ndogo inapumua, na hamjalipa senti.

Ila proksi hiyo inakaa palepale ilipo seva. Seva ikiwa Frankfurt na msomaji yuko Mbeya, umbali uko vilevile. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kabla herufi ya kwanza haijafika kuna kwenda na kurudi mara kadhaa: kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji fiche, ndipo ombi lenyewe. Hapo CDN inastahili pesa yake, kwa sababu nakala inamsubiri msomaji Dar es Salaam au Nairobi. Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, tuliona wote jinsi kilichohifadhiwa ng'ambo kilivyotusotesha.

Na kinyume chake kipo. Seva iko Dar, wasomaji wako Dar, halafu kifurushi cha CDN ulichonunua kinapitishia trafiki Ulaya. Hapo umelipia kuchelewa. Pimeni kabla ya kulipa.

Sasa hili nawaomba mlishike. Siku ya Krismasi 2015, duka la michezo la Steam likiwa linashambuliwa, kache (hifadhi ya nakala) iliyosanidiwa vibaya iliwaonyesha watu kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya wengine, zikiwemo anwani za malipo. Valve, kampuni yenye Steam, ilitaja watumiaji wapatao 34,000. Kosa hili linatokea kwenye proksi na kwenye CDN pia, ila kwenye CDN nakala ya siri ya mtu inaweza kusambaa vituo vingi.

Kwa hiyo ukurasa wowote wenye jina la mtu, salio au alama zake, uandikieni `Cache-Control: private, no-store` kwenye vichwa vya majibu, yaani maelezo ambayo seva hutuma pamoja na ukurasa, ili kache zisiutunze. Kisha ingieni kwa akaunti mbili, kwenye vivinjari viwili, mfungue anwani ileile. Someni kichwa cha `Age`, kinachotaja umri wa nakala, kwenye majibu: kikionekana hapo, kuna kache inayotunza ukurasa huo, na tovuti isifunguliwe kwa umma hadi mjue ni ipi.