Neno extern kwenye katizo la kibodi: tulifungue tuone ndani

Karibuni tena. Leo tuna faili moja dogo la kerneli yetu (kiini cha mfumo endeshi), katizo.asm, la kushughulikia katizo la kibodi, yaani ishara inayoisimamisha prosesa kwa muda kitufe kikibonyezwa. Tuna pia neno ambalo wengi tunalinakili bila kuuliza: extern. Fungua kihariri chako tuandike pamoja.

Juu kabisa weka extern shika_kibodi, jina la funksheni yetu ya kushughulikia kibodi. Hapo unaiambia NASM, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine: jina hili nitalitumia, lakini mwenyewe yuko faili lingine, usinisumbue. Chini yake weka global katizo33. Hilo ni letu, wengine ruksa kuliita. Ni 33 kwa sababu PIC (chipu inayopeleka katizo kwa prosesa) tumeshaihamisha: IRQ 0, laini yake ya kwanza, inaanzia 32, na kibodi ni IRQ 1.

Kisha mwili wenyewe: pusha (hifadhi rejista), cld (futa bendera ya mwelekeo), call shika_kibodi, popa (rudisha rejista), iret (rudi ulikokatizwa). Basi. Ukikosea ukaandika ret badala ya iret, rejista cs na eflags zilizohifadhiwa na prosesa zitabaki kwenye steki, na katizo zitabaki zimefungwa.

Sasa kompaili: nasm -f elf32 katizo.asm -o katizo.o. Halafu andika nm katizo.o, ikuorodheshee majina yaliyomo. Unaona? Kando ya katizo33 kuna T, lipo humu. Kando ya shika_kibodi kuna U, yaani halijulikani liliko.

Sehemu ninayoipenda ni hii. Andika objdump -d -r katizo.o, ikuonyeshe msimbo wa mashine, utazame ule mstari wa call: e8 fc ff ff ff. Baiti nne za mwisho ni -4, wala si anwani ya kitu chochote. Ni nafasi iliyoachwa wazi. Linka ya ld, inayounganisha mafaili ya .o, hupima umbali kuanzia mwanzo wa nafasi hiyo, ilhali prosesa huhesabu kuanzia mwisho wake, baiti nne mbele. Ndiyo maana ya ile -4. Ukishalinka na kernel.o, yenye shika_kibodi, ld inaijaza.

Ikilalamika "undefined reference", kagua tahajia kwanza. Kama unatumia C++, jina limevurugwa na kompaila. Weka extern "C".

Bado IDT, jedwali linaloiambia prosesa iende wapi katizo likitokea. Utatamani kuandika dw katizo33 >> 16 humu humu. Jaribu uone: NASM inakataa, kwa kuwa anwani bado haijawa namba, itajulikana wakati wa kulinka. Kwa hiyo nenda kwenye C, tangaza extern void katizo33(void);, igeuze anwani yake iwe uint32_t, uigawe biti 16 chini na 16 juu.

Washa QEMU (programu inayoigiza kompyuta), bonyeza herufi yoyote. Ikijibu mara moja tu kisha kimya, shika_kibodi imesahau kusoma poti 0x60, au kutuma 0x20 kwenye poti 0x20, yaani kuiambia PIC katizo limekwisha.