Bolti Ikikatikia Ndani

Ndugu zangu, karibuni. Leo tunazungumzia bolti iliyokatika na kubakia ndani ya injini, ekzosi au mguu wa gari. Kabla ya kushika drili, jiulize: ilikatika wakati inakazwa au wakati inafunguliwa?

Iliyokatika wakati wa kukazwa mara nyingi haijaganda. Ilivutwa kupita uwezo wake, na kichwa kilipong'oka mvuto ule uliokuwa ukiibana ukaisha. Kipande chake huweza kutoka kwa tindo ndogo yenye ncha: unakigonga pembeni, polepole, kinyume cha saa, nacho kinazunguka. Iliyokatika wakati wa kufunguliwa ni kesi nyingine kabisa. Hiyo imeshikwa na kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo hujibana kwenye meno, yaani ile mizunguko ya bolti. Kama bolti ni ya chuma na imefungwa kwenye alumini, kinachoishika ni ule unga mweupe wa alumini iliyolika.

Hapa ndipo naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Madukani kuna kile chombo chembamba chenye meno ya kinyume, unachokichomeka kwenye tundu ulilotoboa katikati ya bolti ili uizungushe itoke. Fikirini: nguvu iliyotosha kuukata mwili mzima wa bolti haikutosha kuizungusha. Chombo chembamba kuliko bolti hiyo kitaizungusha vipi? Kitakatika. Nacho ni cha chuma kigumu sana, biti ya kawaida haikikwaruzi hata kidogo; utahitaji biti ya kabaidi na mkono usiotikisika. Kitumie kwa bolti ambayo haijaganda tu.

Kwa bolti iliyoganda, dawa ni mafuta, mshtuko na joto.

Mafuta yawe ya kupenya kutu, si grisi wala mafuta ya injini. Wengine huchanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo hujitenga, kwa hiyo utikise kila unapoutumia, na uuweke mbali na moto, rangi na mipira. Safisha kwanza kwa brashi ya waya, paka, gonga kipande kwa nyundo mara kadhaa, subiri saa nzima au usiku kucha, kisha rudia. Yale mapigo yanafungua nyufa ndogo kwenye kutu ili mafuta yapite.

Kama kisiki, yaani kile kipande kilichobakia, kimechomoza, una bahati. Kibane kwa vaisigripu (koleo inayojifunga), au kichonge kwa tupa pande mbili zilizo sambamba ili spana ipate pa kushika. Usivute upande mmoja tu: legeza kidogo, kaza kidogo, ongeza mafuta. Kikianza kulia, rudi nyuma kabla ya kuendelea.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuchomelea nati juu ya kisiki. Chomoa waya hasi wa betri, weka kibano cha ethi (cha waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) karibu na kazi, panga nati juu yake, kisha jaza chuma kuanzia chini ya tundu la nati mpaka juu. Wekundu ukiisha, chuma kikiwa bado cha moto, zungusha taratibu mbele na nyuma. Bolti imetanuka, imesinyaa, na mshiko wa kutu umevunjika. Hata kisiki kilicho sawa na uso wa kazi kinaweza kujengwa hivyo na mchomeleaji mzuri, na kwenye alumini nayo inawezekana kwa sababu chuma hakishikamani nayo.

Ukitumia moto wa gesi, lenga kile kinachoizunguka bolti. Chuma cha kusubu unaweza kukifikisha wekundu hafifu. Alumini usijaribu hivyo: huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi au hata chini ya hapo, bila kuonyesha wekundu kwanza, inaanguka tu. Futa mafuta yote kabla ya kuwasha, kaa mbali na mipira na mabomba ya petroli. Na sehemu iliyosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini usiipeleke motoni kamwe. Hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Yote yakishindikana, ndipo tunatoboa. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa, kisha piga alama katikati kabisa. Alama ikienda pembeni biti itateleza kuelekea alumini, kwa sababu ni laini kuliko bolti. Ukiweza, rudisha kifaa kilichofungwa na bolti hiyo, tia bomba jembamba la chuma kwenye tundu lake, liiongoze biti. Kwa bolti ya M8 (yenye unene wa milimita 8) anza na biti ya milimita 3, kisha 5, na ukomo ni 6.8. Kwa M6 ukomo ni 5, kwa M10 ambayo nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1.5, ni 8.5. Drili iende polepole, ikandamizwe, na mafuta yasikauke. Vikitoka vipande virefu vilivyojikunja, unakata vizuri. Ukipata unga na mlio, biti ni butu. Biti za kuzunguka kinyume ni bora zaidi, maana mara nyingi hung'ata na kuitoa bolti kabla hujamaliza kutoboa. Funga mkanda kwenye biti kuonyesha kina.

Kinachobaki ni maganda ya meno. Yachokonoe kwa ncha kali, kisha pitisha tapu (chombo cha kukata meno ndani ya tundu) ya M8 kwa 1.25: nusu duara mbele, robo nyuma. Meno ya tundu lenyewe yakiwa yameharibika, weka springi ya meno mapya kwa biti na tapu zinazokuja na seti yake. Lakini kwenye breki na usukani ni salama zaidi kubadilisha kipande kizima.

Puliza tundu likauke kabla ya kufunga, maana mafuta yaliyobakia chini ya tundu lisilotokea upande wa pili hubanwa na bolti na huweza kupasua chuma kinachoizunguka. Bolti mpya iwe na alama ileile ya uimara kichwani, 8.8 au 10.9, na urefu uleule. M8 ya 8.8 hukazwa takriban Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) ikiwa kavu. Ukipaka dawa ya kuzuia kuganda, punguza nguvu ya kukaza, kwa sababu msuguano umepungua na nguvu ileile ya mkono itaivuta bolti zaidi. Na zile ambazo mtengenezaji anasema zikazwe kwa nyuzi za pembe, zikishafunguliwa mara moja kwa kawaida hazirudi kwenye gari.