Nani anailipia ile boti ya mpira? Nawajibu leo

Haya jamani, hamjambo huko. Kila nikirusha video ya bichi hapa Aberystwyth, Wales, lazima mtu aulize: "Dada, wale wa boti ya mpira wanaookoa watu baharini serikali inawalipa shingapi?" Leo najibu, na najua wapo watakaosema naringa na Ulaya, wengine watasema naponda nyumbani. Sina hata moja kati ya hayo.

Wengi wao wanajitolea bure. Mtu ana kazi yake, peja, kile kidude cha kuwaita, ikilia anaacha kila kitu anakimbia. Shirika lao la hisani la uokoaji baharini ni RNLI, lipo tangu 1824, na hela nyingi ni michango ya watu wa kawaida, wengine hadi wanaliandika kwenye wosia.

Sasa hii boti ndogo ya mpira imekuja 1963. Zamani walitegemea maboti makubwa mazito, mtu anazama karibu kabisa na mchanga na hadi liboti lishushwe ameshakufa, halafu kwenye maji mafupi yenye miamba halipiti. Wakaenda Ufaransa kuangalia boti za kupuliza, wakarudi wakaanza, na hapa Aberystwyth ni kati ya vituo vya mwanzo kabisa. Injini hospawa 40. Ya sasa ina mita 5, hospawa 50, inafika kama kilomita 46 kwa saa, na ikipinduka walewale waliomwagika majini wanaigeuza kwa mikono yao na injini inawaka tena, hapo ndo huwa navua kofia.

Kuna ndugu yake yenye sakafu ngumu. Hiyo waliihangaikia Desmond Hoare, admeri aliyekuwa mkuu wa shule ya Atlantic College hukuhuku Wales, na wanafunzi wake, kisha hataza, yaani haki ya uvumbuzi, akawapa RNLI kwa pauni 1. Pauni moja jamani! Mimi nikiomba viza, ada ya matibabu peke yake pauni 1,035 kwa mwaka.

Kilichoniuma zaidi ni 2019, magazeti ya huku yalipiga kelele kwamba michango ya RNLI inanunulia wasichana wa Zanzibar burkini, nguo za kuogelea za kujistiri mwili mzima, za kujifunzia kuogelea. Hela yote ya nje ya nchi ilikuwa kama asilimia 2 tu ya matumizi yao! Sisi tuliozika watu wa Spice Islander, meli iliyozama 2011 pale Nungwi, tunaambiwa mtoto wa kike kujua kuogelea ni anasa? Sijasahau.

Mnaouliza kama inawezekana huko kwetu, mimi sio mtaalamu na kila bahari ina mambo yake, usije ukanilaumu. Ningekuwa mimi ningeanza na wavuvi, wao maji wanayajua, halafu mkubaliane kabisa petroli na spea za injini analipa nani kila mwezi, maana boti ya kupewa bila mafuta itaozea ufukweni.