Kombaini ya Vijana ya Kriketi: Mipira Tunayoipoteza

Assalamu alaykum. Walimu wa michezo, makocha, na wazee mliokuja na watoto wenu, karibuni.

Mwaka 2025 vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, kwa mara ya kwanza. Mechi za ngazi ile ni za ova 50, na ova moja ni mipira sita, yaani mipira 300 kila upande. Mtoto wa Unguja au Pemba anayetaka kufika huko anahitaji kocha anayeijua thamani ya kila mpira katika hiyo 300. Habari ya vipaji leo naiacha. Vipaji tunavyo.

Tuanze na waidi (mpira unaopita mbali mno na mpigaji) na nobolu (mpira uliorushwa kinyume cha sheria, kama mrushaji akivuka mstari), kwa sababu hapo ndipo kombaini nyingi za vijana, yaani timu za kuchaguliwa, hufungwa. Kila moja inampa mpinzani mkimbio mmoja, yaani pointi moja, na mpira unarushwa tena. Ukitoa 25 katika mechi, umetoa mikimbio 25 pamoja na mipira 25 ya ziada, ambayo ni ova nne na mpira mmoja. Mpinzani amecheza zaidi ya ova 54, wewe umecheza 50. Na katika mechi nyingi za ova chache nobolu hufuatwa na mpira wa bure: hata akidakwa, hata mpira uliorushwa ukiangusha stampu (vijiti vitatu vilivyo nyuma yake), mpigaji hatolewi.

Chanzo chake mara nyingi ni neti, pale pa mazoezi palipozungushiwa nyavu. Kule mrushaji anakanyaga nje ya mstari, kocha ananyamaza kwa kuwa mpira ulikuwa mzuri. Baada ya mwezi mguu umeshazoea. Basi chora mstari kwenye neti, weka mtu asimame kama refa, na mpira wa nobolu usihesabiwe hata ukivunja stampu. Mbio za mrushaji za kujia mstari zipimwe kwa tepu, na mtoto aandike urefu wake kwenye daftari. Akihesabu hatua kwa kukisia, uchovu ukiingia hatua zinafupika au kurefuka, na mguu wa mbele unatua pasipo pake. Hatua ya kwanza ianze kwa mguu uleule kila mara.

Kwa shabaha, kata gunia upana wa nusu mita na urefu wa mita mbili, ulitandike kuanzia mita nne hadi sita mbele ya stampu za mpigaji, nje kidogo ya stampu ya mbali naye. Mrushaji wa chini ya miaka 15 arushe ova mbili, mwenzake aandike mingapi imetua guniani. Kwenye mkeka uliotandikwa juu ya saruji mpira huruka juu zaidi, kwa hiyo sogeza gunia karibu na mpigaji. Na huo mkeka uvutwe ukaze, vigingi pande zote. Ukilegea, mpira unakwama au unapinda ovyo, na kijana anajifunza mchezo ambao hataukuta uwanja mwingine wowote.

Upande wa kupiga, tunasifu mipira inayovuka kamba ya mpaka wa uwanja na kusahau mikimbio ya mojamoja. Kati ya mstari wa mpigaji na wa mwenzake kuna mita 17.68. Anayefika akiwa amesimama wima, gongo begani, amekimbia mita mbili za bure, maana gongo likinyooshwa chini na kuburuzwa lingemfikishia mstari mapema. Akigeuka kwa mkimbio wa pili, ageuke akitazama upande mpira uliko, na gongo alibadilishe mkono ikibidi. Wengi hugeuka wakiupa mpira mgongo, kisha wanaita kwa kubahatisha.

Mwito uwe maneno matatu tu: “ndiyo”, “hapana”, “ngoja”. Mpira ukienda mbele ya mpigaji, anaita yeye. Ukienda nyuma yake, anaita mwenzake. Zoezi lake ni rahisi: ova sita, hakuna anayeruhusiwa kupiga mpira kuvuka kamba, na kila mpira usiozaa mkimbio unaandikwa. Rudia kila wiki, linganisha namba za mtoto na zake mwenyewe za wiki iliyopita.

Kudaka nasema kwa ufupi. Mnazi Mmoja bahari iko karibu, na kusi ikivuma mpira wa juu unahama. Miguu itangulie, mikono ifuate. Daka nyingi huanguka kwa sababu mtoto ananyoosha mikono kwanza huku amesimama.

Sasa jambo ninalowaomba msilifanyie mzaha: mgongo wa mrushaji wa kasi. Mifupa ya kiuno ya kijana anayekua hupata ufa kwa mrundikano wa mipira. Uingereza wameweka mipaka: hadi miaka 13, ova tano mfululizo na 10 kwa siku; miaka 14 na 15, sita na 12; miaka 16 na 17, saba na 18. Kosa letu ni kuhesabu ova za mechi tu, tukasahau za neti, za shule, na za mtaani jioni. Mipira ni mipira, hesabu yote. Maumivu ya kiuno upande mmoja, hasa ule ulio kinyume na mkono wa kurushia, yanayozidi anapojikunja nyuma: mtoto asirushe tena mpaka daktari amwone. Dawa ya kuchua haiungi mfupa.

Kwa walio chini ya miaka 13 tumieni mpira mdogo wa gramu 133 hadi 144. Aliyezoea mpira wa tenisi akirukishwa moja kwa moja kwenye ule wa wakubwa, anajifunza woga, mguu unakimbilia pembeni, na kuiondoa tabia ile huchukua msimu. Kofia yenye kinga ya chuma mbele ya uso ivaliwe kila anaposhika gongo.

Watoto wetu wanatoka skuli, wanakwenda chuoni kusoma Kurani, kwa hiyo kilichobaki ni baina ya alasiri na magharibi. Gawa hivi: dakika 15 za kudaka, 40 za neti yenye mstari na gunia, 30 za kukimbia kwa mwito, na daftari lijazwe kabla ya adhana.