Sumu Aliijua Kazini: Mazungumzo juu ya Agatha Christie

Assalaam aleikum. Maisha ya Agatha Christie mnaweza kuyasoma popote: mwandishi Mwingereza, kazaliwa Torquay 1890, kafariki 1976, riwaya za upelelezi 66. Sina haja ya kuyarudia. Mie nimekuja na lile lile ninalolisema kila nikipewa kipaza sauti, na wanaonijua wameshaanza kucheka: bibi yule hakujifunza kuandika kwa kuvunjika moyo. Alijifunza kwa kupima dawa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta kwao. Akajitolea uuguzi, kisha akaingia chumba cha dawa cha hospitali. Ili afaulu mtihani wa kutoa dawa, ilibidi afundishwe na mfamasia mmoja mwenye duka mjini. Siku moja mzee huyo kachanganya dawa, kaimimina, kaipanga kwenye sinia. Agatha akaipitia hesabu: nukta ya desimali imekaa pahali sipo. Dozi imekuwa ya hatari. Sasa wewe msichana mwanafunzi, utamwambia nini mtu mzima, mwenye duka lake, anayejiona hakosei? Humwambii. Akajifanya kajikwaa, sinia chini, na dawa akazikanyaga vizuri zisiokoteke. "Samahani, zimeniponyoka." Zikatengenezwa nyengine.

Mzee huyo huyo akatoa mfukoni donge la kitu cheusi. Kurari, sumu ya mishale ya Amerika Kusini. Ukiila haikufanyi kitu. Ikiingia kwenye damu umekwisha. Na kwa nini anatembea nayo? Alisema inamfanya ajione ana nguvu. Mtu yule alikaa kichwani mwa Agatha miaka na miaka, mpaka ilipotoka riwaya yake The Pale Horse, 1961. Mwenyewe kalieleza hilo.

Katika riwaya hiyo watu wanauawa kwa thaliamu, metali yenye sumu, na alama yake ni nywele kunyonyoka. Mwaka 1977, mwandishi keshakufa, mtoto mdogo kutoka Qatar kalazwa hospitali London, madaktari wamekwama. Nesi mmoja alikuwa anaisoma riwaya ile ile. Akaziangalia nywele za mtoto zinavyotoka, akasema: pimeni thaliamu. Wakapima, wakaikuta, wakajua la kutibu. Yule ndugu aliyeniambia pale nje kwamba hadithi za wauaji ni za kupotezea wakati yuko wapi? Asikimbie.

Naona mkono umeshanyanyuka. Siku 11 alizopotea Desemba 1926, ndiyo? Mumewe alikuwa na mwanamke mwengine. Agatha akaonekana hotelini Harrogate, kajiandikisha kwa ubini wa mwanamke huyo huyo. Kwenye kitabu cha maisha yake hakulieleza. Basi. Mtu kaandika zaidi ya miaka 50, na sisi tunamuuliza siku 11! Teremsha mkono, mwanangu.

Kwetu Zanzibar njia ipo. Mohamed Said Abdulla alishatupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Lakini miswada ninayoletewa na mabinti zetu, ukurasa wa kwanza machozi, wa pili mvua. Nikiuliza huyu anayelia anafanya kazi gani, mwandishi mwenyewe hajui. Mama yako kakusomesha kwa mwani wa Paje, wewe unaniletea mpelelezi wa New York.

Hebu tuuchukue huo mwani. Vigingi, kamba, tai-tai, vile vikamba vya kufungia. Hauendewi siku yoyote utakayo: bamvu, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hutoka mbali, mashamba yakawa wazi; maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayatoki mbali, nawe hutoki. Mshukiwa anamwambia afande, "Asubuhi ile nilikuwa pwani nafunga mwani." Afande mgeni, anaandika. Mlangoni kuna bibi anacheka peke yake, maana anakumbuka mwezi ulikuwa umeandama siku nane. Maji mafu! Alifunga mwani gani? Kesi imekwisha, na hakuna aliyemwuliza bibi. Hiyo riwaya iko wapi? Nani kaiandika?

Nilitaka kusema juu ya riwaya 6 alizoziandika kwa jina la Mary Westmacott, na tamthilia yake The Mousetrap iliyoanza London 1952, na jinsi alivyosafisha pembe za ndovu za kale kule Nimrud, Iraki, kwa krimu yake ya uso. Mwenyekiti ananionesha saa. Haya. Mabinti, nileteeni kurasa chache, mshukiwa awe na kazi ya kueleweka. Machozi yaanzie ukurasa wa 10.