Mbegu Kwenye Soksi

NEEMA: Karibuni tena, tuko hapa hapa Boise, Idaho. Leo nina mafunzo matatu: malisho, moto, ukame. Lakini kaka Bahati, anza na soksi.

BAHATI: Dada, Jumamosi nilipanda vilimani na watoto. Kurudi, nimekaa barazani saa nzima nachomoa mbegu kwa kibano. Kila moja ina unywele mrefu unaokwaruza. Ikishaingia, hairudi nyuma.

NEEMA: Ndiyo chitigrasi hiyo, nyasi vamizi. Ilikuja karne ya 19 kutoka Ulaya na Asia. Inaota mvua za vuli zikianza, theluji ikiyeyuka inayawahi maji, na Juni imeshakauka. Cheche tu, imewaka.

BAHATI: Na kile kichaka cha kijivu? Mwanangu alifikicha jani, akanusa, akaniuliza jina lake kwa Kiswahili. Nikakwama.

NEEMA: Pakanga.

BAHATI: Pakanga ya kwenye Ufunuo? Ile nyota?

NEEMA: Ukoo mmoja, Artemisia. Onja jani utaamini.

BAHATI: Mama yangu hakubali. Nilimpelekea tawi, kwa sababu harufu haiwezi kutoka simuni. Akasema hii ni mnukia-mvua.

NEEMA: Mama amelibuni sasa hivi!

BAHATI: Majina yote yalibuniwa na mtu. Wewe hujakaa pale mvua ikigusa yale majani?

NEEMA: Nimekaa, harufu inajaa bonde zima. Lakini pakanga ni neno letu tayari.

BAHATI: Mnukia-mvua.

NEEMA: Haya, hiyo mnukia-mvua yenu ikiungua haichipui tena kutoka mizizini. Inategemea mbegu, nazo huanguka karibu na mama yao. Agosti 2015 radi iliwasha moto kule milima ya Owyhee, karibu ekari 280,000 zikaungua. Hapo mama yuko wapi? Na miche ikiota, ukame wa kiangazi cha kwanza unaiua.

BAHATI: Ndiyo maana nasema pelekeni ng'ombe wale chitigrasi kabla haijawa kuni.

NEEMA: Ng'ombe ndio waliofungua mlango! Nyasi za asili, zile zinazoota kwa mafungu, zikiliwa kila mwaka zinapochipua, zinadhoofika, katikati panabaki wazi, chitigrasi inaingia.

BAHATI: Walishe vuli, hizo nyasi zikiwa zimelala. Baba alijua siku ya kuhama.

NEEMA: Baba alikuwa na mlima wa pili. Hapa kuna uzio. Mwaka wa ukame, ng'ombe wana njaa, nani atawatoa kwa wakati?

BAHATI: Mchungaji.

NEEMA: Mchungaji mwenye deni?

BAHATI: Hata huyo. Ukimwondoa yeye, unauachia moto kazi yake.

NEEMA: Sikubali, kaka.

BAHATI: Na mimi sikubali.

NEEMA: Zimebaki dakika mbili, na funzo la kwanza sijalifungua.

BAHATI: Basi wasikilizaji wapige kura ya jina. Mama anasubiri.

NEEMA: Pakanga!

BAHATI: Mnukia-mvua. Tawi lake bado liko dirishani, na jana alilinyunyizia maji.