Mgongo Wazi: Watoto wa Wanajeshi Wastaafu

WAFULA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Mbale na kwingineko. Mimi na dada Nambozo tulikulia kambini, baba zetu wote wawili wakiwa askari, na leo tunazungumzia mgongo wazi, yaani uti wa mgongo usiofunga vizuri mtoto akiwa tumboni, kwa mtoto aliyezaliwa baada ya mzazi kurudi kutoka vitani.

NAMBOZO: Asante, kaka. Naomba tuanzie Marekani. Kati ya 1962 na 1971 jeshi lao lilinyunyizia misitu ya Vietnam dawa za kuua mimea, ikiwemo ile iitwayo Agent Orange, ambayo ilikuwa na sumu ya dioksini. Mwaka 1996 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba mtoto wa aliyetumikia huko, akizaliwa na mgongo wazi, apewe matibabu, malipo ya kila mwezi na mafunzo ya kazi.

WAFULA: Je, mzazi hutakiwa kuthibitisha kwamba sumu ndiyo iliyomdhuru mtoto?

NAMBOZO: Hatakiwi. Inatosha kuonyesha kwamba alikuwa Vietnam kati ya tarehe 9 Januari 1962 na 7 Mei 1975, na kwamba mimba ilitungwa baada ya yeye kufika huko. Wanasayansi walisema tangu mwanzo kwamba ushahidi ni mdogo, na baadaye wakaushusha zaidi, lakini watoto hawakunyang'anywa haki yao. Naiheshimu sana sheria hiyo, kwa maana mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni angeupata wapi ushahidi wa kemia?

WAFULA: Hata hivyo haikutenda sawa kwa wote. Mwanajeshi akiwa baba, hutambuliwa mgongo wazi tu. Akiwa mama, sheria ya 2000 iliongeza kasoro nyingine za kuzaliwa nazo, zikiwemo mdomo wa sungura, maradhi ya moyo na nyayo zilizopinda.

NAMBOZO: Ni kweli, na hilo linaniuma. Sasa turudi nyumbani. Jirani yangu, mke wa mwanajeshi mstaafu, ana binti wa miaka 9 mwenye mgongo wazi. Alishonwa akiwa mchanga, na tunashukuru kwamba hapa Mbale tuna hospitali ya CURE inayofanya kazi hiyo. Lakini upasuaji ulikwisha siku moja, ilhali kibofu chake hakijimwagi vizuri chenyewe, kwa hiyo mpira wa kutoa mkojo huwekwa kila baada ya saa chache, kila siku, la sivyo figo zinaweza kuharibika. Mama huyo humfuata hata shuleni saa ya mapumziko, mipira ikiwa imefungwa katika kitambaa safi.

WAFULA: Hatusemi kwamba vita ndivyo vilivyomletea mtoto huyo ugonjwa.

NAMBOZO: Hatusemi hivyo. Uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 za kwanza za mimba, wakati wengi wetu hatujajua kama tuna mimba, ndiyo maana vidonge vya vitamini ya asidi ya foliki humezwa mapema. Ninachoomba ni kwamba maveterani wanapopanga foleni ili wahakikiwe kwa ajili ya pensheni, pawe na mtu wa kuwauliza kama nyumbani kuna mtoto mgonjwa.

WAFULA: Baba yangu alisimama katika foleni hizo akiwa na bahasha ya karatasi zake mkononi. Hakuna aliyemuuliza habari zetu.